Kabati la Lebo Nyekundu

Vichupa vilikuwa kumi na viwili. Vilipaswa kuwa kumi na viwili. Inspekta Mudathir alivihesabu mara ya tatu, safari hii akivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, na bado vikawa kumi na viwili.

"Vimetimia?" aliuliza Sajenti Yudith, ambaye alikuwa ameshika daftari la kabati.

"Vimetimia."

"Sasa mbona umekunja uso kama umenyweshwa dawa ya minyoo?"

Kabati lilikuwa dogo, la chuma, limepigiliwa ukutani mwa wodi ya wanaume ya Hospitali ya Pandamlima, na mlangoni pake palibandikwa lebo nyekundu: DAWA ZA HATARI. SOMENI WAWILI KABLA YA KUTOA. Vile vichupa kumi na viwili vilikuwa vya potasiamu. Hiyo ni dawa inayomwokoa mtu ikichanganywa kwenye dripu ikaingia tone kwa tone, na inayousimamisha moyo wake ikisukumwa mshipani kwa mkupuo.

Na ndiyo iliyousimamisha moyo wa Mzee Haji, fundi cherehani wa Mabawa, Jumatatu saa nne na robo asubuhi. Mzee wa watu alilazwa kwa kuharisha na kutapika. Hakuandikiwa potasiamu hata chembe. Alikuwa na dripu ya maji tu, na kanula ya mkononi, kile kirija cha plastiki kinachopitisha dripu mshipani, ilikuwa imeziba. Muuguzi wa zamu, binti wa miaka ishirini na minne aitwaye Zuwena, alijaza karatasi ya mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe: kanula imezibuliwa kwa maji safi, mililita tano. Jana, Jumatano, maabara ikaleta majibu. Bomba la sindano lililookotwa kitandani halikuwa na maji. Lilikuwa na potasiamu tupu.

Majibu hayo yalipofika, mkuu wa upelelezi alimpigia Mudathir simu kumpongeza, kwa sababu Mudathir alikuwa ameshamkamata Zuwena tangu Jumatatu ileile. Alimkamata saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na vikapu vyao vya chakula. Najat, binti wa marehemu, alikuwa akipiga kelele kwamba nesi huyu aligombana na baba yake asubuhi. Basi Mudathir akaingia, akatoa pingu, akamfunga msichana wa watu na sare yake nyeupe. Simu zikapiga picha. Mpaka usiku Tanga nzima ilikuwa imeshaiona video ile, na kesho yake watu wa Chumbageni walimpa mkono barabarani.

Kesho, Ijumaa, saa tatu, Zuwena angefikishwa mahakamani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana.

"Hebu nisomee tena," Mudathir alisema.

Yudith akasoma. "Ijumaa iliyopita vimeingia kumi na viwili. Vilivyotoka, hakuna. Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna, Jumatatu hakuna. Kila zamu wamehesabu wawili, wametia sahihi wawili." Akalifunga daftari. "Afande, kama hapa hakikutoka hata kimoja, kilichomwua mzee kimetoka wapi?"

Ndilo swali alilopaswa kuliuliza Jumatatu. Mudathir alilijua hilo, na masikio yakamwaka moto.

"Labda alikuja nacho kutoka nje," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Sista Elizabeti, mkuu wa wauguzi na mwalimu wao, mama mnene wa miaka hamsini na ushei, mtu wa Lushoto aliyeteremka Tanga usichanani na hakupanda tena. Funguo za kabati zilining'inia kiunoni pake. Hospitali nzima walimwogopa na kumpenda kwa kipimo kilekile.

"Shikamoo, Sista," wote wawili walisema.

"Marahaba, wanangu. Mnajua mie sipendi kumsema mtoto wangu vibaya. Zuwena nimemfundisha mwenyewe dawa hizi, kozi nzima, na alishika kuliko wenzake wote. Lakini moyo wa mtu ni wake."

"Nyumbani kwao tumepekua mpaka mtungi wa maji," Yudith alisema. "Hatukukuta kitu. Maduka ya dawa nayo hawaiuzi."

"Basi mie sijui." Sista alikuwa akizizungusha funguo kidoleni. "Jumatatu nilikuwa juu ukumbini tangu saa tatu hadi saa tano, nafundisha. Watu kumi na wanne wametia sahihi. Yaliyotokea huku chini nilikuja kuyasikia kama ninyi."

Mudathir aliandika. Maelezo yalikuwa yamenyooka mno, lakini mtu hashukiwi kwa kunyooka. Akamshukuru mama wa watu, akatoka na Yudith hadi barazani, wakakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akalifungua jalada juu ya magoti.

"Nipe orodha ya vielelezo."

"Bomba la sindano moja, la mililita kumi. Karatasi ya mgonjwa. Vilivyokutwa mfukoni mwa mtuhumiwa: simu, leso, rola ya plasta, kalamu ya wino mzito."

"Plasta ya nini?"

"Khaa! Nesi na plasta, afande. Ungemkuta na msumeno ningeshangaa."

"Na kalamu ya wino mzito?"

Yudith akasimama. "Hilo tuwaulize wauguzi wenzake."

Walimpata Methusela ukumbini, ghorofa ya juu. Alikuwa muuguzi kijana mwenye ndevu chache, mmoja wa wale kumi na wanne wa Jumatatu, na sasa alikuwa akipanga machungwa kwenye sinia, maana wauguzi hujifunzia kudunga sindano kwenye machungwa. Alipowaona polisi chungwa moja lilimponyoka.

"Usiogope," Yudith alimwambia. "Hatujaja kukamata matunda."

Mudathir alimwonyesha picha ya rola ya plasta na kalamu. "Hivi ni vya kazi gani?"

"Ah, hivyo ni vya Zuwena." Methusela alitabasamu bila kutaka. "Ndiyo kanuni ya kwanza ya kozi. Kabla hujavuta dawa yoyote, unakata plasta, unaandika jina la dawa, unaibandika kwenye bomba. Kwa sababu ukishavuta, afande, dawa zote ni maji machoni. Wengi wetu tunaandika tukikumbuka. Zuwena haachi. Tunamtania, tunamwita Bi Plasta. Hata maji safi anayaandika MAJI."

Mudathir akamtazama Yudith, na Yudith akaitazama orodha. Bomba lililookotwa kitandani kwa Mzee Haji lilikuwa jeupe, halina plasta, halina hata gundi ya plasta. Mudathir mwenyewe ndiye aliyelitia kwenye bahasha. Alilishika kwa mkono wake huu, na halikumwambia kitu kwa kuwa hakuwa ameuliza.

"Jumatatu Sista Elizabeti aliwafundisha nini?"

"Dawa za hatari. Asubuhi nadharia, halafu ilikuwa tuione trei ya mfano."

"Trei gani hiyo?"

Methusela akawaeleza, na alieleza kwa fahari, maskini, hajui anachokisema. Sista Elizabeti alikuwa na mtindo wake. Anakuja na trei yenye mabomba mawili ya sindano, sawasawa kwa ukubwa, maji yake meupe sawasawa, hayana plasta. Anawaambia wanafunzi wachague la kuzibulia kanula. Kila mtu anachagua. Kisha anasema, nusu yenu leo mmeua mtu. Ukumbi unakuwa kimya mpaka unasikia feni.

"Bomba moja lina maji," Mudathir alisema taratibu. "La pili lina nini?"

"Potasiamu."

"Potasiamu ya kweli?"

"Sista hapendi kuigiza. Anasema mtu haogopi maji, anaogopa kifo, na akiogopa hatasahau. Anachukua kichupa kimoja moja kwa moja bohari ya dawa, anaandikiwa 'mafunzo'. Hakipiti kwenye kabati la wodi."

Yudith aliacha kuandika.

"Sasa hiyo trei," Mudathir alisema, na sauti yake alijitahidi iwe ya kawaida, "Jumatatu ilikwendaje?"

"Jumatatu hatukuiona. Alitoka kwenda kuichukua ofisini kwake, akachelewa, hata robo saa ilipita. Aliporudi alikuwa mikono mitupu. Akasema basi, tufanye machungwa." Methusela alisita. "Nilidhani ameugua. Alikuwa anatoka jasho."

"Saa ngapi hiyo?"

"Chai ya saa nne ilikuwa imeshaletwa."

Ofisi ya Sista Elizabeti ilikuwa mwisho wa wodi ya wanaume. Hakuna njia ya kutoka humo kwenda ngazini isipokuwa kupita katikati ya vitanda.

Bado palikuwa na pengo. Sista apite na trei, sawa, lakini aliyezibua kanula ni nani? Karatasi ilisema Zuwena. Mudathir akalirudia jalada, maelezo ya Najat, ukurasa wa kwanza, mwandiko wake yeye mwenyewe, mwandiko wa mtu mwenye haraka. *Baba alimkataa yule nesi. Alisema hataki kudungwa na mtoto, atamsubiri sista mtu mzima.* Hapo alipigia mstari neno "alimkataa". Sentensi iliyofuata hakuijali.

Akampigia Najat palepale.

"Baba yako alisema atamsubiri sista mtu mzima," alimwambia. "Alimpata?"

"Alimpata, ndiyo. Mie nilikuwa natoka kwenda kumchukulia chai. Mlangoni nikampisha sista mmoja mnene, ana trei mkononi, baba akamwita, 'Ewe mama, njoo wewe mwenye mikono ya watu wazima.' Yule mama akacheka. Niliporudi na chai..." Sauti ikakatika.

"Najat, mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuniuliza, afande. Mie nilikuwa nimechanganyikiwa, nalia, natukana. Wewe ulikuja na pingu tayari."

Mudathir alikata simu, akaketi nayo mkononi. Aliona haya. Haya zenyewe hasa, zile za kutamani ardhi ipasuke aingie. Yudith alijua kumtania mtu na alijua kumwacha, akaenda dirishani akatazama nje.

Sista Elizabeti alikuwa ofisini kwake, anasahihisha mitihani ya kozi. Mudathir hakuketi mpaka alipokaribishwa.

"Sista, nina swali moja la kozi yako."

"Uliza, mwanangu."

"Muuguzi mdogo akimwona mkubwa wake ameshika bomba lisilo na plasta. Kanuni inasemaje?"

Kalamu nyekundu ilisimama juu ya karatasi. Mama yule hakuwa mjinga. Alimtazama Mudathir, akamtazama Yudith aliyesimama mlangoni, kisha akaivua miwani akaiweka mezani kama mtu anayetaka kulala.

"Inasema amzuie," alisema. "Amshike hata mkono."

"Zuwena alikuzuia?"

Wodini mtu alikohoa, mwingine akaomba maji.

"Aliniambia, 'Sista, hilo halina plasta.'" Sauti yake ilikuwa imepungua kabisa. "Mzee aliniita. Nikasikia raha, unasikia? Kumkataa kijana akaniita mie. Trei nilikuwa nayo mkononi. Nikaona kanula imeziba, nikasema kazi ya nusu dakika hii. Najua bomba la maji nililiweka kulia. Miaka yote naliweka kulia. Yule mtoto akasema halina plasta, na wagonjwa wanasikiliza, na mie nikamjibu..." Alifunika uso kwa viganja. "Nikamjibu, 'Plasta nimekufundisha mimi. Shika mkono wa mgonjwa.' Watu wakacheka. Akaushika."

"Na karatasi?"

"Nilimwambia andika wewe, zamu ni yako. Ndivyo tufanyavyo. Mkubwa akisaidia kazi, mdogo ndiye anayeandika. Hata sikuona kwamba ni dhambi." Machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole. "Moyo wa mzee uliposimama nilijua. Palepale nilijua. Nilikwenda nikalimwaga lile la pili kwenye sinki, nikapanda juu nikafundisha machungwa. Nikakusikia unaingia wodini na pingu, nikasema moyoni, sasa nitashuka. Sikushuka. Nilichungulia dirishani nikakuona unamtoa mwanangu, na nikashukuru Mungu kwamba si mie. Nilishukuru, Inspekta! Mie niliyempeleka chuoni kwa barua yangu."

"Kwa nini ulisema labda alikuja nacho kutoka nje?"

"Usiniulize hilo. Nitakuandikia yote, lakini hilo usiniulize."

Mudathir aliuliza, kwa sababu ndiyo kazi, na akaliandika jibu, nalo lilikuwa ni aibu tupu: miaka ishirini na sita anafundisha watu wasiue, na hakujua aishi vipi akiwa ameua. Yudith alimsomea haki zake polepole. Hawakumfunga pingu. Walimtoa kwa mlango wa nyuma wa hospitali, na njiani Yudith alimshikilia mkoba.

Saa tisa alasiri Zuwena aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemkausha midomo. Sare ilikuwa ileile. Mudathir alimvutia kiti, akamwagizia chai, akamwambia yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kujitetea popote. Alitazamia alie, au apige vigelegele, au amtukane. Binti alisikiliza tu.

"Amesema nilimwambia halina plasta?"

"Amesema."

"Amesema nilimwambia mara ngapi?"

Mudathir alipekua. "Mara moja."

"Kweli, ni mara moja." Zuwena aliishika bilauri ya chai bila kuinywa. "Sasa niandike na mie maelezo yangu. Yale ya Jumatatu sikuyasema vizuri, nilisema tu mimi ndiye niliyekuwa zamu."

"Huna haja, Zuwena. Kesho huendi mahakamani. Jalada lako tunalifunga leo."

"Unalifunga lako. Andika, afande."

Mudathir akaishika kalamu.

"Nililiona bomba halina plasta. Nilijua kanuni, hakuna aijuaye kunizidi. Nikasema mara moja, Sista akanikata, watu wakacheka, nikaona haya. Kwa haya zile nikanyamaza. Ningeweza kumshika mkono. Nikaushika wa mzee. Nilimwambia, tulia baba, inaisha sasa hivi. Alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama Sista." Hapo ndipo alipoiweka bilauri mezani. "Siku tatu sikukataa kesi yako kwa kuwa niliona nimeistahili. Umeandika hilo la haya?"

"Nimeandika."

"Ukiliacha, wenzangu watakaokuja nyuma watadhani kosa lilikuwa plasta."

Alitia sahihi kila ukurasa. Yudith alikuja kumchukua kumrudishia simu na leso yake. Zuwena alisimama, akavuta sare iliyokunjamana, akafika mlangoni, akageuka.

"Afande, na wewe nikuulize. Jumatatu kabla hujanifunga, ulimuuliza nani?"

Mudathir alitafuta jibu la kipolisi, na yako mengi. Alimwona Yudith anatazama sakafu.

"Sikumuuliza mtu."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanatazama," alisema. "Wanapiga kelele. Niliona haya kusimama pale nauliza maswali kama mtu asiyejua kazi."

Zuwena aliitikia kwa kichwa mara moja, akatoka.

Ilikuwa imebaki kazi ya kufunga jalada. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshasema kwa simu afupishe: mtuhumiwa wa kwanza ameachiwa kwa kukosekana ushahidi, mtuhumiwa wa pili amekiri. Maneno kumi na moja, hayamdhuru mtu, na hayakuwa na uongo ndani yake. Mudathir aliyaandika. Aliyatazama kitambo kirefu, kisha akayakata kwa mstari mmoja, akaanza chini yake kwa mwandiko usio na haraka.

*Mtuhumiwa wa kwanza alifungwa pingu wodini, mbele ya wagonjwa na jamaa zao, kabla ya yeye au shahidi yeyote kuulizwa swali hata moja. Hakuwa na kosa la mauaji. Aliyemfunga ni mimi.*

Akaweka jina lake, namba yake na tarehe, akalipeleka jalada kwa mkuu kwa mkono wake mwenyewe.